Chupa ya Nguvu na Mafigo Yetu

Nani kati yetu asiyeyajua maumivu ya kiuno? Mama wa Lusangi huinama shambani tangu alfajiri, akipalilia mpunga au kung'oa muhogo, kisha hujitwika mzigo na kushika njia ya kurudi nyumbani. Baba naye husukuma baiskeli yenye madumu ya mawese na magunia ya mchele kuelekea Kasongo au Kabambare, na katika vilima husukuma kwa kifua na mgongo, wala si kwa mikono peke yake. Jioni mtu hukaa kizingitini, hushika kiuno chake, na kusema: "Ni mafigo haya." Jirani hakosi jibu. Humwambia kwamba iko dawa sokoni, chupa yenye picha ya mafigo mawili, na kwamba shemeji yake aliinywa akapona kabisa.

Basi tuseme kwamba baba huyo anainunua. Anakunywa kijiko asubuhi na kijiko jioni. Baada ya majuma mawili maumivu yamepungua, hamu ya chakula imerudi, na mkojo watoka kwa wingi. Naye huwaambia watu wote: "Nilikuwa na ugonjwa wa mafigo wa siku nyingi, nikaponywa na chupa hii." Je, amesema uwongo? La. Amesema aliyoyaona, nasi hatumcheki. Mtu aliyeteseka na kupata nafuu ana haki ya kufurahi. Lakini yafaa tuulize maswali mawili ambayo jirani hakuyauliza. Ni kitu gani hasa kilichopona? Na ni nani aliyekiponya?

Tuanze na mafigo yenyewe, ambayo wengine huyaita nso. Yako mawili, kila moja kama ngumi ya mtu, nayo yamejificha nyuma, chini ya mbavu za mwisho, yaani juu zaidi ya mahali pale tunaposhika tukisema "kiuno changu." Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Damu yetu yote hupita humo tena na tena, hata kwa siku moja vichujio vile huchuja maji yapatayo lita 180. Karibu yote hurudishwa mwilini. Lita moja au mbili tu hutoka kuwa mkojo, zikichukua takataka za damu. Mama achujaye mawese anaijua kazi ya namna hiyo, ila yeye hupumzika jioni.

Sasa sikilizeni jambo linalowashangaza wengi: figo linaloharibika polepole kwa kawaida haliumi. Jiwe ndani ya figo huuma, tena huuma sana. Na vidudu vikiingia katika figo huleta homa na maumivu ya ubavu. Lakini ule ugonjwa wa kudumu, unaokula vichujio mwaka hata mwaka, huja kimya. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za mafigo yake huku akilima na kucheza ngoma. Dalili zikija, yaani kuvimba miguu, kichefuchefu, kuwashwa mwili na kukosa pumzi, mara nyingi kazi ya uharibifu imekwisha kufika mbali.

Kumbe yule baba mwenye kiuno, yaelekea mafigo yake yalikuwa mazima tangu mwanzo. Misuli ya mgongo wake ilichoka kwa baiskeli. Maumivu ya namna hiyo, katika watu wengi, hupungua yenyewe kwa majuma machache, mtu akinywa chupa au asinywe.

Ziko na nyakati ambapo mafigo huugua kweli na kupona kweli bila chupa. Mtoto huumwa koo, au hupata vidonda vya ngozi. Baada ya siku kadhaa uso wake wavimba asubuhi, na mkojo wake wawa mwekundu au mweusi kama chai ya rangi. Wazazi huogopa, nao wana haki ya kuogopa, maana mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa daktari siku ile ile. Lakini watoto walio wengi wenye ugonjwa huu hupona katika majuma machache, kwa uangalizi mwema, kwa sababu mwili wenyewe huyatengeneza mafigo. Mtoto huyo akinyweshwa maji ya mizizi, mizizi itasifiwa. Akinyweshwa dawa ya chupa, chupa itasifiwa.

Sifa ya namna hii ndiyo iliyomtajirisha Bwana H. H. Warner, mtu wa mji wa Rochester katika Marekani. Lakini kwanza twende London mwaka 1827. Katika hospitali iitwayo Guy's alikuwako daktari, jina lake Richard Bright. Yeye aliona kwamba wagonjwa wengi waliovimba miili walikuwa na mafigo mabovu. Akatoa na njia nyepesi ya kuwatambua. Mkojo kidogo hutiwa katika kijiko, nacho kijiko hushikwa juu ya mwali wa mshumaa. Mkojo wa mtu mwenye afya hubaki ulivyo. Mkojo wa mgonjwa huganda kama ute wa yai, kwa sababu vichujio vilivyotoboka vyaachilia protini ya damu ipite. Tangu hapo ugonjwa ule ukaitwa kwa jina la Bright, na watu wakauogopa kama sisi tunavyoogopa kansa.

Bwana Warner alikuwa akiuza makasha ya chuma ya kuwekea fedha, na biashara ile ilimpa mali nyingi. Kisha akatangaza kwamba aliugua ugonjwa wa Bright, na kwamba dawa moja ya majani ndiyo iliyomwokoa. Akainunua siri ya dawa ile, na mwaka 1879 akaanza kuiuza kwa jina la Warner's Safe Kidney and Liver Cure. Juu ya chupa aliweka sura ya kasha lake la chuma, maana katika Kiingereza neno la kasha hilo ndilo pia neno la "salama." Mtu huyu alijua kuuza! Chupa zake zilivuka bahari zikafika Uingereza, Ujerumani na Australia. Alitoa vitabu vidogo bila malipo, vyenye shuhuda za watu waliopona, na maelezo ya dalili za ugonjwa yaliyoandikwa kwa namna ambayo msomaji mzima huanza kujishika kiuno. Kwa fedha zake alijenga hata nyumba kubwa ya kutazamia nyota. Mwaka 1893, fedha zilipoanguka katika Marekani, mali yake ikapotea. Yeye mwenyewe aliishi hadi 1923, yaani zaidi ya miaka 40 baada ya ugonjwa ule uliosemwa kuwa wa kufisha.

Je, maisha yake marefu si ushahidi? Hebu fikirini. Mtu ambaye vichujio vyake vimekufa na kuwa makovu hafufuliwi na majani. Kovu halirudi kuwa nyama. Aliyepona kabisa, basi hakuwa na makovu mengi. Na zaidi ya hayo, aliyekunywa chupa akafa hakuandika barua kwa Bwana Warner. Waliopona ndio walioandika. Kitabu cha shuhuda kina kasoro hiyo sikuzote: makaburi hayana kalamu.

Ndani ya chupa kulikuwa na nini? Majani kadhaa, glisarini, pombe, na shura, ile chumvi ambayo watu walitengenezea baruti. Pombe humpa mtu joto na furaha, naye husema amepata nguvu. Shura humfanya akojoe zaidi, na uvimbe ukapungua kidogo, naye husema mafigo yamefunguka. Lakini shura ina potasiamu, na figo gonjwa hushindwa kuitoa potasiamu mwilini. Ikizidi katika damu, moyo waweza kusimama ghafla. Kwa hiyo mtu ambaye kweli alikuwa na ugonjwa ulioandikwa juu ya chupa, ndiye hasa ambaye chupa ingeweza kumdhuru. Mwaka 1906 Marekani ilitunga sheria iliyowalazimisha wauzaji kuandika juu ya chupa kiasi cha pombe na cha afyuni kilichomo. Wengi walianza kusoma vizuri ndipo wakaacha kununua.

Yako mabaya kuliko shura. Mwaka 1937, katika nchi ile ile, kiwanda kimoja kiliuza dawa nzuri ya kuua vidudu, ila kiliiyeyusha katika maji matamu yaitwayo diethileni glikoli, bila kuyajaribu kwanza. Maji hayo ni sumu ya mafigo. Watu zaidi ya 100 walikufa, watoto wakiwa miongoni mwao, mkojo ukiwa umekatika kabisa. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria kwamba dawa isiuzwe kabla ya kuonyeshwa kuwa ni salama. Tungependa kusema kwamba habari hiyo ni ya zamani. Lakini mwaka 2022, katika Gambia, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa mafigo kusimama, na Shirika la Afya Duniani likaonya juu ya dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizokutwa na sumu ya jamaa ile ile. Mama zao walinunua dawa kwa upendo, wakaipima kwa kijiko, wakawanywesha.

Wengine watasema: "Basi tuache za dukani, tunywe za mizizi, maana hizo ni za asili." Ndugu, hata nyoka ni wa asili. Sisi hatudharau miti. Kwinini, iliyookoa maisha ya watu wengi wenye malaria, hutoka katika ganda la mti unaolimwa huko Kivu. Lakini katika Afrika ya Kusini uko mzizi ambao Wazulu huuita impila, na maana ya neno hilo ni "afya." Madaktari wa Durban waliona watu wengi waliokunywa mzizi huo wakafa kwa ini na mafigo kuharibika. Na katika Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa mji wa Brussels walimeza vidonge vya majani ya Kichina ili wapunguze unene. Ndani yake ulikuwamo mmea wa jamii ya Aristolochia, na zaidi ya 100 kati yao wakaharibika mafigo. Hao walikuwa watu wa mji mkubwa, wenye madaktari kila mtaa. Figo haliulizi kama sumu imetoka kiwandani au porini.

Sasa tuje kwetu, Afrika ya Mashariki, kwa habari ambayo twaipenda kuliko zote hizi, kwa kuwa ndani yake wamo watu waliopona kweli. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa 60, watu wazima, waliokuwa na nyuso na miguu iliyovimba, na mkojo wenye protini nyingi mno. Sababu ilikuwa nini? Waliwauliza maswali kwa saburi, si juu ya chakula na homa tu, bali hata juu ya vitu wanavyojipaka. Wakakuta kwamba zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi, na krimu zile zilikuwa na zebaki. Wachimbaji wa dhahabu wanaijua zebaki, ile madini ya maji inayoshika chembe za dhahabu mchangani. Ikipakwa ngozini huingia katika damu, na damu huipeleka katika mafigo.

Madaktari wakaendelea kuwatazama wengi wa wale waliojipaka, wengine hata miaka miwili. Kiasi cha nusu walipona, mkojo ukarudi kuwa safi; na wengi wa hao waliopona walikuwa wameiacha krimu. Hawakuongezewa chupa ya nguvu. Waliondolewa kopo. Twawaomba akina mama na mabinti wailinganishe habari hii na yale yauzwayo leo katika masoko yetu, maana krimu za zebaki hazijakwisha, ingawa mataifa mengi yamepatana kuzikomesha tangu mapatano ya Minamata ya 2013. Katika Tanzania mchanganyiko wa namna hii huitwa mkorogo. Ngozi tuliyozaliwa nayo haijawahi kumvimbisha mtu miguu.

Na kama hatuna krimu nyumbani, yako mengine ya kuondoa. La kwanza ni vidonge vya maumivu vinavyomezwa kila siku kama karanga: diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake. Kwa siku chache, kwa agizo la mwuguzi, hufaa. Kwa miezi na miaka, hasa kwa mzee au kwa mtu anayefanya kazi juani bila maji ya kutosha, huyanyima mafigo damu. Tazameni basi mzunguko wa yule baba mwenye baiskeli: kiuno chauma kwa kazi, anameza kidonge kila jioni kwa sababu ya "mafigo," na kidonge ndicho kinachoanza kuyala mafigo yaliyokuwa mazima.

La pili ni chumvi nyingi. La tatu ni pombe kali ya kupikwa vichakani. Twayataja upesi kwa sababu mmekwisha kuyasikia.

Lakini wazazi wawili wakubwa wa ugonjwa wa mafigo wa kudumu ni shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari, na hapo ndipo chupa huleta hasara iliyo kubwa kuliko bei yake. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini ya Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa na wote Babu, aliwapa watu kikombe cha maji ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500. Alisema kwamba aliagizwa na Mungu katika ndoto. Watu walikuja kwa maelfu, kutoka Kenya na Uganda pia, magari yakipanga foleni ya kilomita nyingi. Wakubwa wa serikali walikunywa kikombe kimoja na maskini. Alifariki mwaka 2021, wala sisi hatusemi kwamba alikuwa mwongo, na bei yake haikuwa ya mtu mwenye tamaa. Lakini kati ya magonjwa aliyoahidi kuyaponya ulikuwamo ugonjwa wa sukari, na wako waliorudi nyumbani wakaviacha vidonge vyao. Sukari iliyoachwa haipigi kelele. Hushuka chini kwenye vichujio na kufanya kazi yake, siku ambazo mtu anasimulia alivyopona.

Je, hakuna dawa? Iko, ila haina picha nzuri. Vidonge vya presha, hasa vile vya jamii ya enalapril, hushusha shinikizo ndani ya vichujio vyenyewe. Tangu 1993 ilionyeshwa kwamba dawa ya jamii hiyo hupunguza mwendo wa uharibifu kwa wenye sukari. Haivifufui vilivyokufa. Huvilinda vilivyobaki, nayo humezwa kila siku, miaka mingi, na mtu ambaye haoni maumivu yo yote. Kwa kweli ni vigumu kuipenda dawa isiyokupa la kusimulia kizingitini! Mafigo yakiisha kabisa, zinabaki mashine za kuchuja damu, au kupewa figo la ndugu, kama ilivyofanyika kwa mara ya kwanza katika Tanzania kwenye hospitali ya Muhimbili mwezi wa Novemba 2017. Ni mambo ya ajabu, lakini mtu wa Lusangi ana safari ndefu na gharama nzito mbele yake kabla ya kuifikia mashine ya namna hiyo.

Kwa sababu hiyo jambo la karibu ndilo lenye faida. Watu wa Kasongo wana haki ya kujisifu hapa. Tangu 1971 madaktari wa chuo cha Antwerpen katika Ubelgiji, pamoja na wauguzi wa nchi, walifanya kazi kwao ya kuonyesha kwamba vituo vidogo vya afya, kila kimoja na watu wake kinaowajua, vyaweza kuwahudumia watu vizuri bila kuwarundika wote hospitalini. Habari za kazi ya Kasongo zilisomwa duniani kote. Kituo cha namna hiyo hakihitaji mashine kubwa ili kulinda mafigo. Chahitaji kitambaa cha kupimia presha, na mwuguzi anayewajua watu wake.

Yule baba wa kiuno aende huko na chupa yake mkononi, aionyeshe wala asione haya, aeleze na vidonge anavyomeza na krimu iliyomo nyumbani. Atafungwa kitambaa mkononi. Ataulizwa kama mkojo watoa povu lisilokwisha, kama uso huvimba asubuhi. Kisha atapewa kikopo, naye akirudi nacho mwuguzi atachovya kijikaratasi chembamba chenye viraka vya rangi, mjukuu wa kile kijiko na mshumaa wa London. Watangoja kama dakika moja. Kiraka cha protini kikibaki cha manjano, baba ataambiwa apumzishe mgongo na abadili namna ya kufunga mzigo wa baiskeli. Kikigeuka kuwa kijani, basi hapo ndipo matibabu ya mafigo yake yanapoanza, na ile chupa ibaki mezani pa mwuguzi.